Jua, Mwezi na Nyota kwa Watoto Wadogo: Mwongozo wa Michezo kwa Wazazi na Walimu wa Nakuru

Mtoto mdogo hujifunza habari za anga kwa macho, mikono na miguu yake kabla ya kuzijifunza kwa maneno. Akijizungusha mbele ya taa, huelewa usiku na mchana upesi kuliko akielezwa kwamba Dunia inazunguka kwenye mhimili wake. Kwa sababu hiyo, somo la anga kwa watoto wa miaka 3 hadi 8 hujengwa kwa michezo mifupi ya dakika 10 hadi 15, inayorudiwa mara nyingi. Maelezo hufuata baada ya mtoto kuona na kugusa.

Jambo la pili ni mahali. Vitabu vingi vya picha kuhusu anga vimetungwa Ulaya na Marekani. Humo mna majira manne, theluji, siku ndefu za kiangazi na mwezi mwembamba uliosimama wima. Mtoto wa Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro au Molo akitoka nje haoni vitu hivyo, na kitabu kisipopatana na anga analoliona, hudhani sayansi ni habari za kwingine. Michezo iliyomo katika mwongozo huu huanza na anga la Bonde la Ufa la kati, kisha husonga mbele hadi kwenye sayari na nyota za mbali.

Anga la ikweta lilivyo

Nakuru iko takriban digrii 0.3 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi. Ikweta yenyewe hupita kaskazini mwa jiji, na msafiri wa barabara ya Marigat huivuka karibu na Mogotio. Mzazi au mwalimu akiyajua mambo manne yanayotokana na mahali hapa, ataweza kuongoza karibu michezo yote.

Kwanza, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua karibu saa kumi na mbili na dakika 40 jioni, likipishana kwa robo saa hivi mbele au nyuma kufuatana na miezi.

Pili, adhuhuri ya Jua haiwi saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, nayo Nakuru iko digrii 36. Jua hufika kilele chake karibu saa sita na dakika 36 mchana. Mapema Novemba huwahi hadi saa sita na dakika 20, na katikati ya Februari huchelewa hadi saa sita na dakika 50.

Tatu, Jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi wa Juni na upande wa kusini mwezi wa Desemba. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba hupita utosini.

Nne, nyota za kaskazini na za kusini huonekana zote kwa zamu. Mtoto wa Nakuru ana anga pana kuliko mtoto wa London au wa Cape Town, kwa kuwa kila mmoja wa hao hufichwa sehemu kubwa ya nyota za upande wa pili wa dunia.

Vifaa

Vifaa vinavyohitajika hupatikana nyumbani au darasani: tochi au taa moja, mpira, chungwa, gololi, uzi, chaki, katoni, mkasi, sinia au beseni, mchanga mkavu, kijiti cha mita 1, punje za wimbi na za ndengu, kalenda ya ukutani na daftari la kuchorea. Darubini si lazima. Kwa watoto wa chini ya miaka 4, punje na gololi hushikwa na mtu mzima, kwa kuwa mtoto wa umri huo hutia vitu mdomoni.

Kivuli na mwendo wa Jua

Kivuli ndicho chombo cha kwanza cha mwanaanga mdogo. Kwa watoto wa miaka 3 na 4 mchezo ni kukikimbiza kivuli, kukikanyaga kivuli cha mwenzao, na kutafuta mahali ambapo kivuli hupotea. Wakishazoea, mmoja husimama uwanjani na mwingine huchora kivuli chake kwa chaki saa tatu asubuhi. Kivuli hicho huwa kirefu kuliko mtoto mwenyewe. Mtoto hurudi kusimama penye alama zilezile za nyayo saa sita na nusu mchana, na kivuli huchorwa tena. Watoto wenyewe hugundua kwamba kimefupika na kubadili upande. Kinachofaa kuulizwa hapo ni hiki: aliyesogea ni nani, ilhali nyayo hazikusogea?

Kwa watoto wa miaka 6 hadi 8, kijiti cha mita 1 husimikwa wima mahali pasipo na miti wala paa. Ncha ya kivuli huwekewa jiwe kila saa. Zoezi hili hufanywa siku moja katika kila muhula, na michoro huhifadhiwa. Mwishoni mwa Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini kikiwa na urefu wa sentimita 44 hivi. Mwishoni mwa Desemba huelekea kaskazini kwa urefu unaokaribia huo. Siku yenye mvuto mkubwa ni ile ambayo kijiti hakina kivuli kabisa: tarehe 20 au 21 Machi karibu saa sita na dakika 43, na tarehe 22 au 23 Septemba karibu saa sita na dakika 28. Darasa likijiandaa kwa siku hiyo kwa kuhesabu siku kwenye kalenda, watoto hupata kuona kwamba anga lina ratiba, na kwamba ratiba hiyo inaweza kujulikana kabla ya wakati.

Safari ya kwenda kwenye kibao cha ikweta inafaa kwa mchezo huu, kwani mtoto husimama mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini mwa dunia. Katika baadhi ya vibao hivyo nchini Kenya, hasa kule Nanyuki, wageni huonyeshwa maji yakizunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari na upande mwingine kusini. Mzunguko huo hutokana na jinsi maji yanavyomiminwa. Nguvu ya mzunguko wa Dunia ni ndogo mno kuonekana ndani ya beseni. Watoto wasifundishwe maonyesho hayo kuwa sayansi.

Usiku na mchana

Mchezo huu hutaka chumba chenye giza na taa moja mezani. Taa ni Jua, na kichwa cha mtoto ni Dunia. Mtoto hubandikwa kipande cha karatasi puani, nacho ndicho Nakuru. Akiielekea taa, Nakuru ni mchana. Akiipa kisogo, Nakuru ni usiku. Kisha huzunguka polepole kuelekea mkono wake wa kushoto. Taa huchomoza upande wa kushoto, ambao ndio mashariki, na kutua upande wa kulia. Mwelekeo huu ni muhimu. Akizunguka kulia, Jua litachomoza magharibi.

Mtoto akishaona kwamba taa haikusogea, huambiwa kwamba hivyo ndivyo Jua lilivyo. Watoto wa miaka 7 na 8 huweza kuelezwa kwamba watu walio kwenye ikweta huzungushwa na Dunia kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Hawausikii mwendo huo kwa sababu ardhi, hewa, nyumba na miti vinakwenda pamoja nao kwa kasi isiyobadilika.

Mwezi

Mwezi ndio gimba la anga linalomfaa zaidi mtoto, kwa kuwa hubadilika upesi na huonekana hata mchana. Siku ya saba hadi ya kumi baada ya mwezi kuandama, huonekana mashariki saa kumi alasiri, wakati watoto wanapotoka shuleni. Hakuna haja ya kumkesheza mtoto ili auone.

Shughuli kuu ni daftari la mwezi. Kila siku mtoto huchora umbo aliloliona, na mtu mzima huandika tarehe na saa. Mawingu yakifunika, mtoto huchora wingu, kwa sababu kuandika kwamba jambo halikuonekana ni sehemu ya uchunguzi. Daftari likidumu siku 30, mzunguko mzima hukamilika, kwani kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine hupita siku 29 na nusu. Mwanzo mzuri ni jioni ambazo Waislamu wa mtaani hutafuta mwezi wa Ramadhani au wa Idi, kwa kuwa watu wazima nao wanatazama upande huohuo.

Karibu na ikweta, mwezi mwandamo hulala magharibi kama mtumbwi, pembe zake mbili zikielekea juu. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya anga la Nakuru na picha za vitabu vya nje. Mtoto akichora mwezi uliolala, asisahihishwe ili ufanane na wa kitabuni. Achoraye alichokiona amechora sawa.

Sababu ya mwezi kubadilika umbo huchezwa kwa taa ileile na mpira mdogo mweupe uliochomekwa kwenye kijiti. Mtoto huunyoosha mkono wenye mpira, akiuinua juu kidogo ya kichwa ili kivuli chake kisiufunike, kisha huzunguka kuelekea kushoto. Mpira ukiwa upande wa taa, huuona upande wake wenye giza: huo ni mwezi usioonekana. Akigeuka kidogo, ukingo mwembamba hung'aa. Akiipa taa kisogo, mpira mzima huwa na nuru: huo ni mwezi mpevu. Watoto wengi hudhani kwamba kivuli cha Dunia ndicho kinachoukata mwezi kila usiku. Mchezo huu huondoa dhana hiyo, kwani mtoto huona kwamba nusu ya mpira ina nuru wakati wote, na kinachobadilika ni kiasi cha nusu hiyo anachokiona yeye.

Umbali wa Mwezi hupimwa kwa chungwa na uzi. Chungwa la sentimita 7 ni Dunia, na gololi kubwa ya sentimita 2 hivi ni Mwezi. Watoto huulizwa waiweke gololi mahali wanapofikiri Mwezi ulipo, na wengi huiweka karibu sana. Kisha uzi huzungushwa kwenye chungwa mara tisa na nusu, hukunjuliwa na kunyooshwa. Urefu wake, kama mita 2, ndio umbali wa Mwezi kwa kipimo hicho. Katika maumbile, umbali huo ni wastani wa kilomita 384,400.

Uzito nao huchezeka. Mvuto wa Mwezi ni sehemu moja ya sita ya ule wa Dunia, kwa hiyo kitu cha kilo 12 huinuliwa huko kwa nguvu ileile inayoinua kilo 2 hapa. Mtoto hujaribu kwanza kuinua ndoo yenye lita 12 za maji akisaidiwa, kisha pakiti ya unga ya kilo 2. Huambiwa kwamba kwenye Mwezi ndoo ile ingekuwa nyepesi kama pakiti hii.

Kreta: Menengai na Mwezi

Watoto wa Nakuru wana kreta nyuma ya mji wao. Menengai ina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na kutoka ukingoni mtoto huona kwa macho ukubwa ambao kitabu hakiwezi kuuonyesha. Walakini kreta hiyo na zile za Mwezi zina asili tofauti. Menengai ni volkano iliyoporomoka katikati baada ya kumwaga lava na majivu yake. Kreta nyingi za Mwezi zilitokana na mawe ya angani yaliyougonga. Tofauti hii ielezwe wazi, la sivyo mtoto atabaki akiamini kwamba kimondo kiliangukia Nakuru.

Kreta za kugongwa hutengenezwa kwenye sinia. Mchanga mkavu hutandazwa kwa kina cha sentimita 5, na juu yake hunyunyizwa udongo mkavu wa rangi nyingine. Mtoto huachia kokoto ianguke kutoka usawa wa goti, kisha kiuno, kisha bega. Kokoto huachiwa, hairushwi. Kila mara shimo hupimwa kwa kijiti, na watoto hutazama jinsi mchanga wa chini ulivyorukia juu ya udongo na kuacha mistari kuzunguka shimo. Mistari ya namna hiyo huonekana pia kwenye Mwezi mpevu. Baada ya hapo, maji kidogo hunyunyizwa kwenye sinia, na kreta huanza kubomoka. Hivyo watoto huelewa kwa nini Mwezi, usio na mvua wala upepo, umehifadhi makovu yake, ilhali Dunia imefuta mengi ya kwake.

Udongo mweupe laini wa Kariandusi, karibu na Gilgil, usitumike katika mchezo huu ingawa rangi yake inavutia, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Katika ziara ya Menengai, kila mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima, na michezo ifanyike mbali na ukingo.

Longonot nayo inafaa kutajwa hapa. Ni volkano yenye kilele cha mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, na watoto wengi wameiona wakisafiri kwenda Nairobi. Mirihi ina volkano iitwayo Olympus Mons, yenye kimo cha takriban kilomita 22 na upana wa kilomita 600 hivi, karibu sawa na safari ya barabara kutoka Nakuru hadi Mombasa. Mtoto aliyeijua Longonot anaweza kuanza kuiwazia Olympus Mons.

Matembezi ya sayari

Majina ya sayari nane yatumikayo hapa ni Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Urani na Neptuni. Vitabu vya shule hutofautiana katika baadhi ya majina. Mwalimu achague orodha moja na kuifuata.

Picha za kitabuni huzipanga sayari kwa kukaribiana sana, kwa sababu ukurasa ni mdogo. Uwanja wa shule hurekebisha kosa hilo. Jua ni mpira wa karatasi wenye upana wa sentimita 14. Kwa kipimo hicho Dunia ni punje ya wimbi, iliyo mita 15 kutoka kwa Jua. Zebaki ni chembe ya mchanga kwenye mita 6. Zuhura ni punje nyingine ya wimbi kwenye mita 11. Mirihi ni chembe nyingine ya mchanga kwenye mita 23. Mshtarii ni gololi ya kawaida kwenye mita 78. Zohali, iliyo ndogo kidogo kuliko Mshtarii, huwa kwenye mita 143, na hapo uwanja wa mpira umekwisha. Urani na Neptuni ni punje za ndengu, moja kwenye mita 287 na nyingine kwenye mita 450.

Punje hubandikwa kwenye vipande vya katoni ili zisipotee, na kila kipande hushikwa na mtoto mmoja. Wengine hutembea kutoka Jua hadi Mshtarii wakihesabu hatua kwa sauti. Watoto wadogo huishia hapo; wa miaka 7 na 8 wanaweza kufika Neptuni wakiongozwa na mwalimu njiani. Wakirudi, waambiwe kwamba nyota iliyo karibu zaidi na Jua, kwa kipimo hichohicho, ingekuwa kilomita 4,000 hivi kutoka uwanjani, karibu umbali wa kutoka Nakuru hadi Cape Town.

Usiku wa nyota

Miezi bora ya kutazama nyota ni Januari na Februari, wakati mawingu ni machache. Mwanga wa jiji huzificha nyota hafifu, kwa hiyo familia za mjini hufaidika wanapowatembelea jamaa mashambani, kama vile Subukia, Njoro au Molo. Saa moja na nusu hadi saa tatu usiku yatosha kwa watoto.

Maandalizi ni haya: sweta na blanketi, kwa kuwa usiku wa nyanda hizi ni wa baridi, mkeka wa kulalia chali, na tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, maana nuru nyeupe huyaharibia macho mazoea ya giza, nayo huchukua dakika 20 hivi kuyapata. Mahali pawe ndani ya ua au karibu na nyumba. Ufuo wa Ziwa Naivasha haufai usiku kwa sababu viboko hutoka majini kula nyasi, na maeneo yanayopakana na mbuga yana wanyama wengine wa hatari.

Nyota tano au sita za kwanza zatosha kwa mtoto kwa mwaka mzima. Kati ya makundinyota, Jabari ndiye wa kuanza naye. Nyota tatu za ukanda wake, zilizopangana kwa mstari, hupita karibu kabisa na utosi wa Nakuru. Katikati ya Februari huwa hapo karibu saa mbili na nusu usiku. Mtoto aliyelala chali huziona moja kwa moja juu yake. Kuanzia Aprili hadi Julai, Salibu huonekana kusini mapema usiku. Kuanzia Juni hadi Septemba, Nge hutambaa juu upande wa kusini akiwa na nyota nyekundu kifuani. Zuhura, inapoonekana magharibi baada ya machweo au mashariki kabla ya mapambazuko, hung'aa kuliko nyota zote.

Kilimia kinastahili usiku wake. Ni kishada kidogo cha nyota ambacho Novemba huonekana mashariki mapema usiku, na Aprili huelekea kuzama magharibi wakati mashamba ya mahindi yanapopandwa. Wakulima wa Afrika Mashariki walikitumia kupanga kazi za shamba. Wanandi hukiita Koremerik, na wazee wao walikitazama ili kubashiri mavuno. Mtoto huhesabu nyota anazoziona humo, na watu wengi huona sita. Kesho yake huwauliza babu na nyanya wanakiitaje, na hadithi gani husimuliwa kukihusu. Katika kaunti ambamo Wakalenjin, Wakikuyu, Wamaasai na jamii nyingine husoma darasa moja, majina watakayoyaleta watoto hujaza ukuta mzima. Mkusanyiko huo humthibitishia kila mtoto kwamba watu wa kwao walilijua anga.

Ili kukumbuka maumbo, watoto hupanga vizibo vya chupa sakafuni kwa mfano wa Jabari na Salibu, au hutoboa matundu kwenye kitako cha kopo na kumulika tochi kutoka ndani ili nyota zitokee ukutani. Kutoboa hufanywa na mtu mzima.

Roketi na setilaiti

Roketi ya puto huonyesha kani inayoirusha roketi ya kweli. Uzi hupitishwa ndani ya mrija na kufungwa kati ya viti viwili. Puto lililopulizwa hubandikwa kwenye mrija, na mdomo wake ukiachiliwa hewa hutoka nyuma nalo huenda mbele. Puto hupulizwa na mtu mzima, na vipande vya lililopasuka huokotwa mara moja kwa kuwa vinaweza kumkaba mtoto.

Hapo watoto huelezwa kwamba roketi zimerushwa kutoka Kenya. Jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi na Waitaliano, lilirusha roketi kati ya 1967 na 1988. Mojawapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilibeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina la Uhuru kwa sababu ilirushwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Mahali palichaguliwa karibu na ikweta kwa kuwa mzunguko wa Dunia huipa roketi msukumo mkubwa zaidi hapo. Mtoto aliyecheza mchezo wa taa na pua anayo tayari sehemu ya maelezo haya.

Setilaiti hutengenezwa kwa katoni. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iitwayo 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018, ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Watoto hukata miraba sita ya kipimo hicho, huigundisha, huipamba kwa karatasi inayong'aa kuwa vibao vya sola, na kuchora jicho la kamera. Kisha huulizwa setilaiti yao itazame nini: misitu ya Mau, maji ya Ziwa Nakuru, au mashamba ya ngano ya Njoro? Hiyo ndiyo kazi ya Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ambayo ilibeba kamera ya kuitazama Dunia.

Kituo cha Kimataifa cha Anga chenyewe huonekana baadhi ya jioni na alfajiri kama nuru kali isiyopepesa inayovuka anga kwa dakika chache. Kiko kilomita 400 hivi juu, na huizunguka Dunia kwa muda wa dakika 90 hivi. Watoto hupenda kukipungia mkono wakijua kwamba kuna watu ndani.

Kupatwa kwa jua

Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa lote kaskazini mwa Afrika hadi Somalia, na Kenya italiona likipatwa sehemu. Watoto waandaliwe mapema, kwani hatari ya macho ni kubwa na haina maumivu ya kuonya. Kulitazama Jua kupitia filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa moshi, miwani ya kawaida au taswira yake ndani ya beseni la maji si salama. Miwani maalumu ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2 ndiyo inayofaa, na mtoto aivae chini ya uangalizi.

Njia iliyo salama zaidi kwa wadogo ni kulipa Jua kisogo. Kadi yenye tundu dogo la sindano huinuliwa, na nuru ipitayo huangukia karatasi nyeupe chini, ikichora Jua lililomegwa. Kichungi cha jikoni huchora Jua dogo kwa kila tundu, na mwanya kati ya majani ya mti hufanya vivyo hivyo. Kadi hiyo inaweza kutumika siku yoyote ya jua ili watoto wazoee.

Maswali ya watoto na hatua za baadaye

Mtoto akiuliza Jua hulala wapi, hurudishwa kwenye mchezo wa taa ili ajijibu. Akiuliza jambo ambalo mlezi halijui, jibu linalofaa ni kwamba litatafutwa pamoja, na litafutwe kweli kabla ya wiki kwisha. Habari za kutisha, kama vile Jua kuzimika, zipewe kipimo: Jua lina mabilioni ya miaka mbele yake.

Shule inayotaka darubini inaweza kuialika Travelling Telescope, taasisi ya Nairobi iliyoanzishwa na Susan Murabana na Daniel Chu Owen, ambayo hupeleka darubini na kuba la nyota la kubebeka shuleni. Ziara kama hiyo huzaa matunda zaidi watoto wakiwa wamekwisha kuchora Mwezi na kumjua Jabari kwa macho yao.

Maendeleo hupimwa kwa matendo. Mtoto wa miaka 4 aonyeshe mashariki na magharibi kwa kidole na aeleze kivuli hutoka wapi. Wa miaka 6 aigize usiku na mchana kwa mwili wake na ataje maumbo ya Mwezi kwa mpangilio. Wa miaka 8 azipange sayari uwanjani, aonyeshe makundinyota matatu ya anga la Nakuru, aeleze tofauti ya Menengai na kreta za Mwezi, na aseme ni kwa njia gani Jua hutazamwa bila kuumiza macho.